Mchanga na Ulezi Havijulikani kwa Sura

Mwanangu Kalisti,

Huku sisi wazima, ila yule mbuzi wa pembe moja amekufa, nitarudi kwake. Barua yako imefika. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima kanisomea, na ndiye anaandika haya ninayosema.

Sasa baba, umenitia aibu. Umeandika kazi yako huko Ulaya ni kuchambua chembe! Balozi wa nyumba kumi alikuwapo ikisomwa, na mdomo wake unaujua. Kwenye mkutano wa kijiji akasimama: "Taifa limemsomesha miaka yote hiyo, kumbe kaenda kuchambua ulezi wa Wazungu!" Watu wakacheka mpaka mkutano ukavunjika. Nikamjibu, "Mwanao hata ulezi huu wa kwetu hajaweza kuuchambua!" Lakini roho iliniuma.

Nikamwambia Mwalimu, soma tena, polepole. Kumbe mnagonganisha vitu makusudi! Hapa lori likigonga mbuzi tu, mgambo anaitwa. Halafu vinaruka vichembe, elektroni na pioni, jicho haliwezi kuvitofautisha. Mnavipitisha kwenye makaratasi ya plastiki mamia kwa mamia, membamba kama ganda la kitunguu. Pioni mzito anapita kimya. Elektroni kwa wepesi wake anatoa vimwanga, mashine inamdaka.

Nikacheka, nikalia. Kalisti, si unakumbuka? Ulikuwa mdogo, unanishikia beseni la ulezi. Ukauliza, "Mama, mbona mchanga na ulezi vinafanana?" Nikakwambia, "Achana na sura. Zungusha kwenye maji. Mzito atabaki chini kimya, mwepesi atajitokeza mwenyewe." Ukazungusha wewe. Ugali wa siku ile! Marehemu baba yako alitafuna, akasema, "Leo tumekula barabara ya Mtowisa na mchanga wake wote."

Basi nimemwendea Balozi mpaka mlangoni, nikamwambia: ndiyo, anachambua, na nimemfundisha mimi.

Sasa unaomba ruhusa ukae miaka miwili tena. Mwanangu, macho yangu siku hizi mchanga hayauoni. Juzi Mwalimu kala ugali wangu, katema. Hataki kuliandika hili. Aandike.

Hiyo mashine yenu, kama ni ndogo, itume kwa posta. Kama ni kubwa, njoo wewe.

Habari ya mbuzi na lori nitakupa ukifika.

Ni mimi mama yako. Dole gumba hapo chini ni langu, na hilo doa ni ulezi.