Mtaa Niliokutembeza Jumapili

Akinyi,

Nimerudi nyumbani. Nimekaa barazani kwa mama hapa Sosiot na ukungu umeshuka mpaka juu ya majani ya chai, hata sioni lango. Kuna ng'ombe analia mahali fulani ndani ya huo weupe. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokutana nayo tukiwa watoto wa kambi ya wachuma chai. Kijaluo chako sikukiweza, na Kipsigis chako wewe kilikuwa cha kuombea maziwa tu.

Sikuja kukuzika. Nilipata habari nikiwa kwenye kituo cha basi huko Amerika, theluji inayeyuka miguuni, na nikaendelea kusimama pale mabasi mawili yakanipita. Hilo tutaliongea siku nyingine. Leo nina jambo la kukiri, halafu nina habari za binti yako Awuor.

Moyo ulipoanza kukusumbua, ukaacha kazi ya ukarani pale kituo cha kupimia chai, ukawa mtu wa kitandani katika kile chumba chako cha Sotik. Nilikuwa nakupigia kila Jumapili, kwako saa kumi jioni, kwangu asubuhi. Mara ya kwanza ulisema, "Chep, mimi hata mlango sifiki. Nitembeze kwenu. Nitembeze mtaa wote, usiruke nyumba."

Nilichungulia dirishani. Akinyi, mtaa wangu ulikuwa na nyumba kumi na tisa na watu walikuwa ndani ya mbili. Mimi, na Mzee Walter wa ng'ambo ya barabara. Viwanda vya magari vilikuwa vimefungwa zamani, watu wakahama, na mwishowe jiji lenyewe likafilisika. Jiji zima, kama mtu anavyofilisika. Taa za barabarani ziliacha kuwaka, halafu watu wakaja wakang'oa nyaya. Maktaba ilipigwa mbao madirishani. Nyumba iliyopakana na yangu ilikuwa imeungua, mti umeotea jikoni na kutokea kwenye paa. Nyasi zilifika kiunoni.

Sasa hayo ningeyapeleka vipi kwenye kitanda chako?

Mzee Walter alifanya kazi ya kufunga milango ya magari miaka yake yote. Kila jioni alikuwa ananiita kwenye ngazi zake, ananionyesha kwa kidole. Hapa palikuwa na duka la mikate, harufu yake ndiyo iliyokuwa inatuamsha. Pale palikuwa na ukumbi wa sinema, balbu zake ni nyekundu na manjano, zinakimbizana. Pale kona watoto wa shule walikuwa wanapita na matarumbeta siku ya Ijumaa.

Nilichofanya ni kubadilisha neno moja. Yeye alisema palikuwa, mimi nikakuambia pana.

Basi tukatembea. Jumapili baada ya Jumapili, mimi nimefumba macho huku, wewe umefumba huko, tunapita chini ya miti ambayo ilikatwa kabla sijazaliwa. Ulikuwa unanishika: "Usikimbie, tusimame kwa mikate kwanza." Tunasimama. Siku moja ulisema polepole, "Nimeisikia harufu." Ukacheka. Ulikuwa hujacheka tangu Krismasi. Wakati mwingine njia zetu zilichanganyika, nikisema tunakata kona naona udongo mwekundu wa kambini na mama zetu wakishuka na vikapu mgongoni, wanapita mbele ya sinema, balbu zinawamulika. Sikuwafukuza. Nilikuambia nawaona, ukaniuliza kama wamevaa viatu.

Sijui kama huo ulikuwa uongo. Nimejiuliza sana. Najua tu kwamba ningefanya tena.

Ila kulikuwa na mtu wa tatu kwenye simu na mimi sikumfikiria. Awuor alikuwa anakushikia simu kwa sababu mkono wako ulichoka. Alitembea nasi kila Jumapili.

Nyumba ya kutunzia wazee niliyokuwa nafanyia kazi ilifungwa baada ya basi la mtaa wetu kuondolewa. Mzee Walter alichukuliwa na binti yake. Nikafunga mlango, nikaja. Jumanne nilipita kambini kwetu. Akinyi, mashine za kuchuma chai zimechukua kazi, na watu wameondoka. Zile nyumba za mviringo zimesimama bila milango, bomba letu la maji limekauka, na mahali tulipokuwa tunaruka kamba kuna nyasi mpaka kiunoni. Nilisimama pale nikawa sijui niko nchi gani.

Kesho yake nikaenda Sotik kumwona Awuor. Amekuwa mrefu kuliko wewe. Alinipa chai, akakaa chini karibu na miguu yangu, akaniambia amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na kwamba ameikataa.

"Nitaenda kwenu, Anti," akasema. "Nitapanga chumba juu ya duka la mikate."

Barua ya chuo ilikuwa mezani, bado imekunjwa. Siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilikunywa chai yote kwanza. Kisha nikatoa simu yangu nikamwonyesha picha, moja moja. Nyumba iliyoungua. Maktaba. Ngazi za Mzee Walter. Mahali pa duka la mikate, ambapo ni uwanja mtupu wenye friji lililotupwa. Aliangalia zote. Aliuliza, "Na sinema?" Nikamwonyesha.

Alisimama. "Mama amekufa akiamini hiki kitu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na mimi ungeniacha niende?"

Nikamwambia hapana, ndiyo maana nimekuja. Alinifungulia mlango. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Nilishuka mpaka barabarani nikilia kama mtoto, watu wa soko wakaniachia njia.

Alhamisi hakupokea simu. Ijumaa hakupokea. Nilikaa hapa barazani nikiona ukungu ukipanda na kushuka, na nilikuwa nakuomba wewe, Mungu anisamehe, badala ya kumwomba yeye.

Jumamosi alifika na begi. Alikuwa amejibu chuo saa za mwisho kabisa. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Alitoa sare ya chuo, sketi imezidi urefu, akasema yeye hajui kupinda vizuri. Nikampandisha kwenye kigoda, nikapiga magoti na pini mdomoni. Aliangalia nje. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Huyo Mzee Walter, yeye alikuwa anasikia uchungu akikusimulia?"

Nikamwambia hapana, alikuwa anang'aa. Alikuwa kijana tena.

"Mama pia," akasema. Kisha, "Usifupishe sana, Anti. Huko wako wakali."

Anaanza Jumatatu. Usiogope juu yake. Siku za kutembelea wanafunzi nitakuwa langoni mapema, na akiniuliza kitu chochote kuhusu dunia nitamwambia kilivyo, hata kama ni kibaya. Hilo nakuahidi, nikiwa nimefumbua macho.

Pumzika, Akinyi wangu. Akifunga chuo Desemba tutakuja pamoja huko kwa kina mume wako, kwenye joto la ziwa, mahali walipokulaza. Yeye ndiye atakayetangulia, kwa maana mimi njia siijui.

Wako,
Chepkoech