Mwambie Baba Yako Alivyopona Baba Yangu

...na lile swali la barua yako nalijibu kwanza, Mutuku wangu, kabla furaha haijanisahaulisha: ndiyo, Baba anakojoa! Anakojoa bila ule mpira wa kutolea mkojo, nami nashinda nikicheka peke yangu.

U mzima, mpenzi? Mama hajambo? Na Baba yako, bado anaficha ule mpira chini ya koti na kukataa upasuaji? Barua hii ni kwa ajili yake. Mimi mke wa mwanawe siwezi kuyatamka haya mbele yake, nthoni, ile haya ya wakwe, itaniua. Msomee wewe. Ila maneno ya mapenzi yaruke.

Hapa wodini Nairobi, Baba analala karibu na mzee Nzioka wa Nunguni. Ugonjwa wao ni mmoja: tezi dume imevimba ikaziba njia ya mkojo. Lakini Baba hakukatwa tumbo! Daktari alipitisha chombo chembamba chenye taa katika njia ile ile ya mkojo, akaikwangua tezi kidogo kidogo kwa waya wa umeme, kama Mama anavyosafisha kibuyu kupitia mdomoni bila kukipasua. Nilipoelezwa nilikaa chini. Aiya, Mungu amewapa watu akili ya namna gani? Siku ya kwanza mfuko wa mkojo ulikuwa mwekundu, nikalia. Siku ya nne ulikuwa safi, mpira ukatolewa.

Tezi ya Nzioka ilikuwa kubwa mno, kwa hivyo alifunguliwa chini ya kitovu. Akaongezwa damu, akakaa na mpira siku nyingi.

"Nzioka, wewe wamekuchinja," Baba akamtania. "Mimi wamenifagia tu."

"Ufagio huacha vumbi. Utarudi hapa mimi nikilima."

Wodi nzima ilicheka, lakini sista alisema mzee ana ukweli: tezi iliyokwanguliwa huota tena kwa urahisi zaidi baada ya miaka, kuliko iliyotolewa kwa kufungua. Na leo asubuhi Nzioka naye alitolewa mpira. Tulisikia ndoo ikilia kama mabati kwenye mvua, wagonjwa wakapiga makofi!

Sista alinieleza jambo moja nikitazama sakafu. Kwa njia zote mbili wengi hubaki na nguvu zao, ila mbegu hurudi ndani, na kuzaa huwa vigumu. Baba yako ana watoto tisa. Sasa ni zamu yetu, mpenzi. (Hapo pia ruka!)

Basi asiogope kwa sababu kidonda cha jirani yenu aliyepasuliwa tezi kilichelewa kupona. Daktari hupima tezi kwanza, ndipo anachagua njia.

Nisalimie Mama, dada yako Katunge anayenitunzia kuku, na nyanya yako anayeota moto jikoni.

Nakuja huko nyumbani Tawa kabla mwezi huu haujaisha, na siji peke yangu. Baba anakuja, na Nzioka pia, daktari akimruhusu. Wanasema wataketi na Baba yako nyuma ya ghala, wamfungulie mashati, mmoja mwenye kovu na mmoja asiye nalo, ajionee mwenyewe.

Mkeo wa miezi minne, anayekuota hata mchana,
Mwende