Kinubi cha Gogo Moja

Jumanne, 14 Mei, Korogwe. Mwezi wa saba tangu nitoke Sikonge, na mikono imechoka kweli.

Huyu fundi mkuu Mhina anataka nitupe kazi ya wiki sita. Tunatengeneza nakala ya kinubi cha kale cha Ireland, kile cha nyuzi za shaba, na picha ya mteja inaonyesha tumbo lake limekombwa kwenye gogo moja. Nimekomba hivyo hivyo. Leo umetokea ufa mgongoni, urefu wa kidole.

"Tumeagizwa kinubi, Mnyamwezi, wewe umechonga mzinga wa nyuki." Yeye ni Mzigua, mtani wangu, nikacheka.

"Tupa gogo hilo, tumbo uliunde kwa kugundisha mbao. Nani atachungulia ndani?"

Hapo sikucheka. Huo haukuwa utani.

Nikamwonyesha kwamba hata kile cha kwenye picha kina ufa, na watu wa kale walikifunga bati la shaba hapo penye ufa.

"Kikipasuka unapanda basi."

"Nitapanda, fundi."

Naogopa, sifichi. Lakini bati nimeshaligongomea, na kesho tunavuta nyuzi. Kikivumilia, nitarudi nyumbani Agosti, mkataba ukiisha. Kikipasuka, nitarudi Alhamisi, na mbao za gundi atazigundisha mwenyewe.