Pua ya Baba

Dada yangu,

Hapa gereji kazi ipo, mvua nayo haikomi. Barua hii nimeianza nikaichana, nikainuka, nikaketi tena. Mama anataka picha yangu, nami namtumia zile ambazo nimevaa barakoa ya kupulizia magari rangi. Anadhani ni bidii ya kazi.

Dada, ni kokeni, niliivuta kwa pua. Daktari alimulika tundu moja la pua, mwanga ukatokea kwenye la pili. Mwamba wa pua umedidimia, hata miwani haikai. Fundi mwenzangu aliniuliza, "Nani alikupiga hivyo?" Nikamtajia mtu tu.

Unasema mwanao kazaliwa na pua yangu, ile ya marehemu baba. Basi mama akiomba tena picha yangu, mtumie ya mtoto.

Ni mimi, mjomba wake.