Sahani ya Hilaire

Saint-Josse, Bruxelles, tarehe 9 Novemba

Kwako yaya Darlène, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana katika upendo wa Bwana. Maman anaamkaje? Sukari yake imeshuka? Na magoti yako, bado yanapanda vilima vya Bukavu bila kulalamika? Mimi mwili ni mzima, ila baridi ya huku imeanza mapema.

Barua hii nampa Priscille wa parokia yetu, anayesafiri Alhamisi. Kwa simu ningelia, nawe ukinisikia nalia utaita mtaa mzima.

Uliuliza kuhusu chakula cha Wajapani ninachowatumia picha zake kila Jumapili. Ni nyama ya nguruwe tu. Wanaiviringisha kwenye chenga za mkate na kuikaanga mpaka inalia mdomoni. Inaletwa imeshakatwa vipande, na wali, na kabichi nyembamba kama nyuzi, na kinu kidogo cha kusagia ufuta mwenyewe. Siku ya kwanza nilicheka: nimevuka bahari nzima nije kutwanga tena! Hilaire ndiye aliyenipeleka kwenye mkahawa huo, tulipokuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Alisema mtu wa Bukavu hapiti karibu na nguruwe bila kumsalimia.

Sasa ujumbe wako wa juzi umenikata maini. Umesema maman alivaa miwani, akapitia picha zote, akaona sahani yangu imeliwa lakini ya Hilaire haijaguswa hata mara moja. Akasema, “Muntu muzima hawezi acha nyama namna ile. Bon, mukwe wangu ni mugonjwa, na banatuficha.” Tangu hapo anafunga Jumatano na Ijumaa kwa ajili yake, bila hata chai, na sukari ile!

Yaya, Hilaire haumwi. Aliondoka baada ya Pasaka. Anakaa mtaa wa Forest, hapa hapa Bruxelles, na mwanamke mwingine, na nasikia amenenepa.

Kila Jumapili baada ya misa naenda pale peke yangu. Naomba sahani tupu, nahamishia vipande vitatu, naiweka mbele ya kiti cha pili, napiga picha. Mimi na ulafi wangu, mara nyingi nakumbuka picha nimeshaanza kula. Kisha navirudisha vile vitatu na kuvila vimepoa. Mhudumu, mama mmoja Mjapani, hajawahi kuniuliza kitu. Siku hizi ananiletea sahani tupu kabla sijaomba.

Kwetu anayekula peke yake huitwa mchoyo au mchawi. Niliona haya. Kazini nawalisha wazee kwa kijiko, nikirudi nyumbani hakuna wa kunikaribisha hata chai. Nina upweke, yaya, upweke mwingi. Nilidhani uongo wangu haumdhuru mtu, kumbe maman analala na njaa kwa ajili yake.

Msomee barua hii, lakini kwanza mpikie. Usifungue mdomo mpaka amalize. Akinikasirikia, mwambie ana haki, na kwamba nitampigia mwenyewe Jumapili.

Wasalimie watoto, na jirani zetu wa kule chini. Mungu awalinde nyote mpaka tutakapoonana.

Na tafadhali, safari hii nyinyi ndio mnitumie picha: sahani ya maman, ikiwa tupu.

Mdogo wako akupendaye,
Émérance