Mtani Mlangoni

Jumatatu, 3 Februari
Nimechemsha maji, nimeyapoza, nimempa Maganga na uji. Kikombe chake peke yake, sahani yake peke yake. Amekunywa nusu. Koo limeungua kwa mionzi. Mume wangu huyu, akiimba nyimbo za wapagazi, mtaa wetu mzima wa Itetemia ulikuwa ukiitikia. Leo ananong'ona.

Daktari wa Mwanza amesimamisha mionzi, chembe nyeupe za damu zimeshuka mno. Alinieleza vizuri. Mionzi inaujeruhi uvimbe wa kooni, halafu kinga ya mwili inaingia kusaidia kuumaliza. Kinga ikiwa dhaifu, mionzi inahangaika peke yake. Na tukikawia, uvimbe unaota tena. Asiambukizwe hata mafua. Wageni marufuku.

Marufuku, hapa Tabora. Nani atanielewa?

Jumatano, 5 Februari
Nimewarudisha wifi zangu wawili, wametoka Ulyankulu na kuku. Mmoja anakohoa. Tumeongea dirishani. Wameondoka bila kuaga. Sasa mimi ndiye mke mchoyo anayeficha mgonjwa.

Mwaka ule alipovunjika mguu, watu walilala mpaka sebuleni. Sufuria haikutoka motoni. Nilinung'unika. Leo nazitamani zile kelele. Nimelia.

Ijumaa, 7 Februari
Ndahani amekuja. Mgogo, mtani wetu. Tangu misafara ya zamani, babu zetu wakipita kwao Ugogo na mizigo ya pwani, tunatukanana na hakuna wa kukasirika. Mtani hazuiliwi mlangoni. Nikaogopa kweli.

Nimemweleza yote, hadi habari za chembe. Hakuingia. Amevuta kigoda, akakaa nje ya mlango.

Wanakwaya wa kanisani kwetu walipofika, akawaambia marehemu hajafa na wali haujaiva, warudi kwao. Wameondoka wanacheka. Nikisema mimi ni dharau, akisema yeye ni utani. Maganga kasikia kutoka chumbani, kacheka mpaka kashika koo.

Alhamisi, 13 Februari
Ndahani yupo kila siku. Wifi zangu wamerudi, kawatukana barabara, wakacheka, safari hii wakaacha kuku na salamu. Nimemwonea wivu. Nimelala mchana kwa mara ya kwanza.

Jumatatu, 17 Februari
Damu imepimwa hapa hospitali ya Kitete. Chembe zimepanda. Si sana, ila zinatosha. Mwanza wamesema twende. Nina furaha, na nina hofu. Sijui uvimbe umefanya nini siku zote hizi.

Jumanne, 18 Februari
Ndahani katusindikiza stendi. Nilisubiri atukane. Maganga naye alisubiri, nilimwona, jibu analo tayari mdomoni.

Ndahani kamshika mkono kwa mikono miwili. Kamwita ndugu yangu. Kasema nenda salama. Hayo tu.

Tumeshapita Nzega. Maganga amenong'ona, mbona hakunitukana. Anatazama nje. Nimemfunika mabega kwa kanga yangu.