Nani Alipiga "Bado Wanavaa"

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Agosti 2024.

Mpendwa Baba Mdogo Abdulmajid,

"Kibao cha 'Bado Wanavaa' ni cha Nairobi, sisi Dar tulikipokea tu tukakicheza." Hayo ameyasema Bwana Jovin, mtangazaji wa muziki wa zamani, redioni, Jumapili mchana, nchi nzima ikimsikia. Uongo mtupu. Na wewe huko Maskati unajua kuliko mtu yeyote aliye hai kwamba ni uongo.

Shikamoo, Baba. Nisamehe kwa kutanguliza ugomvi mbele ya salamu. Magoti yanaendeleaje? Binti yako Nasreen aliniambia siku hizi unaswali umekaa kitini. Mwenyezi Mungu akuondolee maumivu. Sisi huku wazima, isipokuwa presha yangu inapanda, na sababu yake utaisoma humu humu.

Naandika kwa kalamu kwa kuwa kwenye simu hunipi nafasi. Nikitaja gitaa, unanirudishia dua. Dua nazipokea, ila hazijibu swali.

Hoja ya Jovin ni moja: santuri imeandikwa Nairobi. Ndiyo, imeandikwa. Santuri za bendi zetu miaka ile zilikuwa zikifyatuliwa huko, kwa kuwa hapa hatukuwa na kiwanda. Kwa hoja hiyo, sisi tuliozaliwa Muhimbili ni watoto wa Wizara ya Afya! Kibao kilirekodiwa hapa hapa Dar, kwenye studio ya redio, baba yangu Abbasi akipiga solo, nawe ukimjibu kwa rithimu. Utepe uliupeleka Nairobi wewe mwenyewe kwa basi, umeuviringisha ndani ya kanzu usipate joto. Hadithi hii nimeisikia kinywani mwako nikiwa mtoto, kabla hujaanza kuikwepa.

Na jina lenyewe ni la hapa. Kila dansi lilipofunguliwa pale ukumbini Msimbazi, waimbaji walikuwa wakichelewa kwa kujipamba. Watu wanapiga miluzi, baba anawaambia kwenye maikrofoni, "Bado wanavaa!" kisha anaanza. Ndiyo maana kibao hakina hata neno moja la kuimbwa. Nairobi wangeyatoa wapi hayo?

Baadaye mpiga kinanda wa hoteli moja ya huko akakirekodi upya, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtalii ale. Rithimu yako akaitupa. Kisha redio moja ikakiweka chini ya sauti ya msomaji wa matangazo ya vifo. Mwaka huu vijana wamekitia ngoma za kompyuta, na maduka ya Kariakoo yanakipiga kuita wateja. Katika rekodi zote hizo jina la baba halimo hata kwenye moja.

Chini ya chumba changu ni duka la mapazia la Clotilda, na spika yake iko mlangoni. Lile dirisha ulilokuwa ukikaa kupunga upepo sasa linatazama ukuta wa ghorofa jipya. Nikinyoosha mkono naugusa. Sauti ikipanda haina pa kutokea. Inazunguka nami humu mpaka duka lifungwe.

Juzi nilishuka.

"Clotilda, mdogo wangu, hicho kibao si ukipunguze?"

"Dada Kuruthumu, kimekukosea nini? Kila siku wewe na hicho hicho! Kwani cha kwenu?"

Nikajifanya natazama mapazia.

"Kama cha kwenu sema, nikubandikie picha yako hapa kwenye spika!"

Wateja wakacheka. Mimi, ambaye wahariri wa mji huu wanaziogopa barua zangu, nikapanda ngazi bila neno.

Jumapili ilikuwa mbaya zaidi. Nilipiga simu kwenye kipindi nikambomoa Jovin hoja kwa hoja mpaka akaishiwa. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa: "Mama, hayo umeyajuaje? Mpigaji unamfahamu?" Nikasema, "Nasikia tu." "Ahaa, unasikia tu," akasema, akaweka tangazo la sabuni.

Unajua kilichonifunga mdomo. Baba aliporudi kutoka kuhiji Makka aligawa gitaa lake, na ugonjwa ulipomzidi alituita, mimi, kaka Hashimu na wewe, akatuusia: jina lake lisitajwe tena pamoja na muziki, na anayeuliza aambiwe hatujui. Tukaahidi. Ahadi hiyo nimeishika tangu azikwe, na kwa mgomvi kama mimi hiyo ni ibada.

Lakini baba alituomba tunyamaze. Hakuomba kazi yake avishwe mwingine. Mwisho wa mwezi huu Jovin ana kipindi maalumu. Mpiga kinanda yule atatangazwa kuwa ndiye mtunzi, na familia yake itaalikwa studio. Tukija kusema baada ya hapo, sisi ndio tutaitwa wezi. Kaka Hashimu amekubali tuseme. Nilimwendea Maalim wa msikitini kwetu. Akasema kunyamaza kwa kumstahi marehemu ni jambo moja, kuusaidia uongo ni jingine, ila mlioahidi pamoja muamue pamoja. Umebaki wewe. Ningeweza kukuzunguka, Baba. Sikutaka.

Najua unachokiogopa: muziki huu usije ukamfuata kaburini. Nami naogopa. Lakini kibao kinapigwa kila siku, tuseme tusiseme. Kunyamaza kwetu hakujakizima hata dakika moja. Kumemzima yeye tu.

Nisalimie sana Mama Mdogo Najma, mwambie bizari aliyoniagiza haikusahauliwa. Msalimie na Abdulrazak, mkwe wako, anayekuvumilia na taarifa zako za habari usiku na mchana. Kaka Hashimu na wanawe wanakuamkia. Mungu akupe umri wenye afya na hatima njema, na atukutanishe kabla ya hapo.

Barua hii anakuletea Mboni, jirani yetu, naye atakaa Maskati wiki moja. Basi, Baba Mdogo, na wewe Nasreen unayemsomea: Mboni asirudi mikono mitupu. Nasreen, mrekodi baba yako kwenye simu, aseme kwa kinywa chake nani alipiga solo, nani alipiga rithimu, na walipigia wapi. Na kama jibu lako, Baba, ni "nyamaza", basi panda ndege uje ukae wewe kwenye chumba hiki, watu wakuulize wewe, na unyamaze wewe mbele yao. Mimi nguvu hiyo sina tena.

Mwanao anayekupenda hata anapogombana nawe,

Kuruthumu binti Abbasi